Chembe Zenye Chaji katika Uga Sare wa Umeme: Kanuni ya Fizikia na Jiwe la Kivu

UTANGULIZI

Historia ya sayansi, jinsi inavyofundishwa katika vyuo vyetu vingi, huanzia Ulaya na kuishia huko huko. Historia ya madini ya Kivu nayo husimuliwa kana kwamba ni habari ya bunduki, mipaka na bei peke yake. Makala haya yanakusudia kuzikutanisha historia hizo mbili, kwa sababu kwa hakika zilikwisha kukutana zamani. Jiwe jeusi lichimbwalo Kalehe na Shabunda, na kupitia Bukavu kabla ya kuvuka mpaka, lina thamani kwa sababu ya namna chembe zenye chaji zinavyokwenda ndani ya uga wa umeme. Mtu aijuaye bei ya jiwe hilo bila ya kuijua sababu hiyo, anajua nusu tu ya habari.

Hoja yetu ni hii: kanuni yenyewe ni fupi na inasemeka kwa Kiswahili, na kutosemwa kwake kwa Kiswahili mahali jiwe linapochimbwa ni sehemu ya historia yake, si jambo la pembeni. Tutaanza na kanuni, tuifuate katika hatua zake tatu, kisha tuteremke Kivu na kuangalia suala la lugha.

KANI MOJA, MAZINGIRA MATATU

Tuchukue mabamba mawili ya metali yaliyowekwa sambamba, moja juu ya jingine, na kuyaunganisha na betri. Bamba moja litakuwa chanya na jingine hasi, na katika nafasi iliyo kati yao patatokea uga wa umeme. Tukiziacha kando kingo za mabamba, uga huo ni sare: ukali wake ni ule ule na mwelekeo wake ni ule ule kila mahali. Ukali huo hupatikana kwa kugawa volteji kwa umbali uliopo baina ya mabamba. Volteji ikiwa volti 100 na umbali ukiwa sentimita 1, ukali wa uga ni volti 10,000 kwa mita.

Chembe yenye chaji ikiingia humo, husukumwa na kani iliyo sawa na chaji yake mara ukali wa uga. Chembe hasi huvutwa kuelekea bamba chanya, na chembe chanya huvutwa kuelekea bamba hasi. Kwa kuwa uga ni sare, kani hiyo haiongezeki wala haipungui chembe inapohama kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Kanuni ni hiyo tu. Tofauti zote zitakazofuata zinatokana na kile kinachoizunguka chembe: je, iko katika ombwe, katika hewa, au ndani ya kitu kigumu? Wanafizikia waliyachunguza mazingira hayo matatu, na kila hatua iliwapa jibu la swali tofauti.

HATUA YA KWANZA: OMBWE

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanasayansi wa Ulaya waliijua miali itokayo kwenye kathodi ya bomba la kioo lililoondolewa hewa, lakini hawakukubaliana kuhusu asili yake. Wengine walisema ni mawimbi, wengine wakasema ni chembe. Heinrich Hertz wa Ujerumani aliipitisha miali hiyo kati ya mabamba yenye umeme mwaka 1883, na hakuona ikipinda. Kwa hiyo wengi walishikilia kwamba haina chaji.

Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alilirudia jaribio hilo. Mabamba yake ya alumini yalikuwa na urefu wa sentimita 5 hivi, na umbali kati yao ulikuwa sentimita 1.5. Alipoipunguza zaidi hewa iliyobaki ndani ya bomba, miali ilipinda. Sababu ya Hertz kushindwa ikawa wazi: gesi iliyosalia ilikuwa ikipitisha umeme, na chaji zake ziliufunika uga wa mabamba.

Katika ombwe hakuna kinachoizuia chembe. Kani isiyobadilika huipa mchapuko usiobadilika, na mchapuko huo ni mkubwa ajabu. Katika uga tulioutaja wa volti 10,000 kwa mita, elektroni hupata mchapuko wa takriban mita trilioni 1,760 kwa sekunde kila sekunde. Hata hivyo umbo la njia yake si geni kwetu. Mtoto akirusha jiwe kwa ulalo kutoka kwenye genge lililo juu ya Ziwa Kivu, mwendo wa kwenda mbele haubadiliki ilhali mwendo wa kuanguka unazidi kuongezeka, na jiwe huchora mchirizo uitwao parabola. Elektroni ikiingia kwa ulalo kati ya mabamba huchora mchirizo huo huo. Tofauti ni kwamba jiwe linavutwa na dunia, na elektroni inavutwa na bamba.

Kwa kupima kiasi cha kupinda, na kwa kuulinganisha uga wa umeme na ule wa sumaku, Thomson alipata uwiano wa chaji kwa tungamo. Uwiano huo ulizidi ule wa ioni ya haidrojeni kwa zaidi ya mara elfu moja. Vipimo vya leo vinatoa mara 1,836 hivi. Hapo ndipo elektroni ilipotambulika kuwa chembe iliyo ndogo kuliko atomu yoyote. Thomson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906.

HATUA YA PILI: HEWA

Uwiano si chaji yenyewe. Kuipima chaji kulihitaji mazingira mengine, na kazi hiyo ilifanywa na Robert Millikan katika Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia mwaka 1909, akisaidiwa na mwanafunzi wake Harvey Fletcher. Walinyunyiza matone madogo mno ya mafuta kati ya mabamba mawili ya duara yenye kipenyo cha sentimita 22, yaliyotenganishwa kwa milimita 16, na kuyatazama kwa darubini.

Tone la mafuta hewani halizidi kuongeza mwendo. Msuguano wa hewa huongezeka kadiri mwendo unavyokua, mpaka ulingane na kani inayolivuta. Baada ya hapo tone hushuka kwa mwendo usiobadilika. Millikan alipima mwendo huo bila uga, kisha akauwasha umeme na kupima mwendo wa tone likipanda. Kwa kulinganisha miendo hiyo miwili aliweza kukokotoa chaji iliyobebwa na tone. Kila mara aliona kwamba chaji ilikuwa kizidishi kamili cha kiasi kimoja kidogo. Haikuwa nusu yake wala robo yake.

Thamani aliyoitoa mwaka 1913 ilikuwa chini kidogo ya ile tunayoitumia leo, ambayo ni takriban 1.602 kwa 10 kipeo hasi 19 za kulombu. Kasoro hiyo ilitokana na kipimo cha mnato wa hewa alichokitegemea, wala haikutoka katika hesabu ya uga. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1923.

HATUA YA TATU: NDANI YA KITU KIGUMU

Vitabu vingi vya shule huishia kwa Millikan. Hatua ya tatu haimo, na ndiyo inayoihusu Kivu.

Kifaa kiitwacho kapasita ni mabamba yetu mawili, yakiwa na kihami katikati. Kazi yake ni kuhifadhi chaji na kuitoa inapotakiwa. Kapasita huhifadhi chaji nyingi zaidi mabamba yake yakiwa mapana, yakiwa karibu sana, na kihami chake kikiwa cha aina ifaayo. Wahandisi wa redio na simu walitaka kitu kikubwa kwa uwezo lakini kidogo kwa umbo, na metali ya tantalamu iliwapa.

Tantalamu iligunduliwa mwaka 1802 na mkemia wa Sweden, Anders Gustaf Ekeberg. Aliipa jina la Tantalus, mtu wa hekaya za Wayunani aliyeadhibiwa kusimama majini huku akiwa na kiu isiyokatika, kwa sababu oksidi ya metali hiyo hata ikizamishwa ndani ya asidi hainywi kitu. Sifa hiyo ndiyo iliyoipa kazi karne moja na nusu baadaye.

Unga wa tantalamu hushindiliwa kuwa kipande kidogo kama punje ya mahindi, huchomwa kwa joto kali katika ombwe mpaka chembe zake zishikane, kisha hutumbukizwa katika maji yenye asidi na kuunganishwa na upande chanya wa umeme. Mara moja huanza kuota juu ya metali tabaka jembamba la oksidi. Tabaka hilo huota kwa sababu ioni zinahama ndani yake: zile za tantalamu zinatoka kwenye metali kwenda nje, na zile za oksijeni zinatoka nje kwenda ndani. Zinapokutana, oksidi mpya hupatikana.

Humu ndani ioni haiendi kama elektroni ya Thomson wala kama tone la Millikan. Imezingirwa na atomu nyingine pande zote, na ili isogee hatua moja hainabudi kuruka kizingiti. Uga hukiteremsha kizingiti hicho upande mmoja na kukiinua upande wa pili. Mwaka 1934 wanafizikia wa Ujerumani A. Günterschulze na H. Betz walionyesha kwamba katika matabaka ya namna hii mkondo wa ioni hauongezeki kwa uwiano wa kawaida uga unapoongezwa, bali hupanda kwa kasi ya kipeo. Ukiuongeza uga kidogo tu, ioni zipitazo huzidi mara nyingi. Katika miaka ya 1950 D. A. Vermilyea wa kampuni ya General Electric nchini Marekani aliichunguza tantalamu yenyewe kwa vipimo makini.

Matokeo ya kanuni hiyo yanastahili kuangaliwa kwa utulivu. Mahali tabaka lilipo jembamba, umbali ni mdogo, kwa hiyo uga ni mkali zaidi. Ioni hukimbilia hapo na tabaka hunenepa. Mahali lilipo nene uga hupungua, na ioni karibu husimama. Hivyo tabaka hujisawazisha lenyewe, mpaka unene wake uwe mmoja kila mahali, hata katika vishimo visivyoonekana kwa jicho. Usawa wa uga huzaa usawa wa tabaka. Kila volti moja hutoa unene wa nanomita 1.7 hadi 2 hivi. Kwa volti 50 tabaka huwa na unene usiozidi nanomita 100, jambo linalolifanya kuwa jembamba kuliko unywele wa binadamu kwa mamia ya mara, na uga uliomo ndani yake hufikia mamia ya mamilioni ya volti kwa mita. Fundi huweza kuukisia unene kwa kuitazama rangi tu, kwa maana metali iliyopakwa tabaka hilo hubadilika rangi kadiri tabaka linavyokua.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 maabara ya Bell nchini Marekani ilitengeneza kapasita ya tantalamu isiyo na kimiminika ndani, na viwanda vikaipokea. Tangu hapo imeingia katika vifaa vya kusaidia kusikia, kompyuta, simu za mkononi na mitambo ya kijeshi.

JIWE LINATOKA WAPI

Jiwe lenye tantalamu hujulikana Kivu kwa jina la koltani, kifupisho cha kolumbiti na tantaliti. Kwa miaka mingi lilikuwa mdogo wake kasiteriti, jiwe la bati, ambalo makampuni ya Kibelgiji yalilichimba tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1976 makampuni ya eneo hili yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1982 serikali ya Zaire iliruhusu uchimbaji wa watu binafsi. Bei ya bati ilipoporomoka duniani mwezi Oktoba 1985, SOMINKI ilidhoofika, na wachimbaji wa sururu, chepe na karai wakaongezeka.

Vita vya pili vilianza Agosti 1998, na Bukavu ikawa chini ya RCD mpaka serikali ya mpito ilipoundwa mwaka 2003. Katikati ya kipindi hicho mahitaji ya simu za mkononi na kompyuta yaliwafanya wenye viwanda kuhofia uhaba wa tantalamu. Mwanzoni mwa mwaka 2000, ratili moja ya oksidi ya tantalamu iliyomo ndani ya mawe iliuzwa kwa makumi machache ya dola. Kufikia mwisho wa mwaka huo bei katika soko la papo kwa papo ilizidi dola 300. Mwezi Novemba 2000 RCD iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kusafirisha koltani. Vijana waliacha mashamba na madarasa. Wachimbaji walimiminika hata katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, na gorila na tembo wake wakawindwa kwa ajili ya nyama na pembe.

Mwaka 2001 viwanda vilikuta vimejaza maghala, biashara ya vifaa vya elektroniki ilikuwa imepoa, na bei ikarudi karibu na pale ilipoanzia. Mwezi Aprili mwaka huo jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilichapisha ripoti iliyoeleza jinsi madini yalivyokuwa yakigharimia vita. Baadaye zikaja hatua nyingine: sheria ya Marekani ya Julai 2010 iliyozitaka kampuni zitangaze asili ya madini haya, na amri ya serikali ya Kongo iliyosimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011. Vita havikwisha kwa hatua hizo. Mwezi Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23.

Hatudai kwamba fizikia ingeizuia bunduki. Lakini tofauti iliyopo kati ya mnunuzi na mchimbaji haikuwa ya fedha na silaha tu. Mnunuzi alijua kwamba viwanda vinaweza kupunguza tantalamu katika kila kapasita kwa kuusaga unga uwe laini zaidi, au kutumia kapasita za kauri na za alumini mahali zinapotosha. Alijua, basi, kwamba bei ile haiwezi kudumu. Mchimbaji aliyeambiwa tu kwamba jiwe lake linatakiwa Ulaya hakuwa na njia ya kukisia hivyo. Watafiti waliowahoji wachimbaji wa Kivu wamesikia majibu mengi yanayopingana kuhusu kazi ya jiwe hilo. Si ajabu: hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuwaeleza.

SUALA LA LUGHA

Husemwa kwamba penye miti hapana wajenzi. Kwa Kivu methali hiyo ni kweli nusu tu. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kaskazini ya Bukavu, kilijengwa na taasisi ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947, na kimefanya kazi ya kupima matetemeko ya ardhi kwa miongo mingi. Mjini kwenyewe kuna Chuo cha Ualimu, ISP, kilicholea walimu wa shule za sekondari, na vyuo vikuu vilivyoanzishwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wajenzi wapo. Kinachokosekana ni daraja la kutoka kwao hadi machimboni, na daraja hilo ni lugha.

Katika Kongo ya mashariki mtoto huanza shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huhamishiwa Kifaransa. Akifika kwenye somo la umeme, Kiswahili kimekwisha kuachwa nyuma. Tanzania hali inafanana, ila lugha inayopokea ni Kiingereza. Kwa hiyo wasemaji wa lugha moja hufundishwa kanuni moja kwa lugha mbili za kigeni, na wakikutana hawana maneno ya kuizungumzia pamoja.

Maneno, hata hivyo, yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Tuyatazame machache yaliyotumika hapa. Neno la Kifaransa kwa uga wa umeme ndilo lile lile la shamba, na mwanafunzi wa Bukavu alisikiapo huwaza mihogo na maharage, yaani mahali penye mipaka na mazao. Uga kwa Kiswahili ni kiwanja kilicho wazi, mahali pa kuchezea ngoma, ambapo mtu aweza kusimama popote. Tukisema uga sare, picha inakuja yenyewe. Kani ni nguvu ishikiliayo bila kulegea, na mchapuko unatokana na kuchapuka, yaani kwenda mbio zaidi. Ombwe ni uwazi mtupu. Mwenye maneno hayo manne, pamoja na chaji na chembe, anaweza kuifuata habari yote iliyoelezwa hapo juu bila ya kuazima sentensi ya mtu.

Ipo hoja inayopinga: kwamba istilahi za Dar es Salaam ni ngeni Bukavu, ambako Kiswahili kina sura yake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini koltani na kasiteriti nayo yalikuwa maneno mageni, na leo hakuna mchimbaji wa Kalehe asiyeyajua, kwa kuwa aliyahitaji. Neno likipata kazi hupata wenyewe. Jukumu la vyuo vya Bukavu si kuamrisha istilahi, bali kuzijaribu: mwalimu wa Fizikia na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja, waifundishe kanuni hii kwa wanafunzi na kwa watu wa machimboni, kisha waandike ni maneno gani yaliyoeleweka na ni yapi yaliyokataliwa.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kani ile ile huizalia chembe miendo mitatu: mchapuko katika ombwe, mwendo usiobadilika hewani, na kuruka hatua kwa hatua ndani ya oksidi. Mwendo wa kwanza ulitupa elektroni, wa pili ukatupa chaji yake, na wa tatu ukalitia bei jiwe la Kivu. Hatua mbili za kwanza zimo katika vitabu vya shule. Ya tatu haimo, ingawa ndiyo iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi katika nchi hii. Mtunga mtaala wa Fizikia mjini Bukavu ana sababu njema ya kuanza na hiyo ya tatu, na kuianza kwa Kiswahili.